Sababu ya Kukataa Kupuliza

Mume wangu alikuwa anaendesha kirikuu, anabeba nazi na saruji kati ya Kilindoni na vijijini. Alhamisi moja alasiri trafiki akamsimamisha karibu na sokoni, akasema ananuka tembo la mnazi, akamletea kile kidude cha kupuliza cha kupimia ulevi. Mume wangu akakataa. Eti amefunga, na kidude kimeshatiwa midomoni na watu, kina unyevu, kitamharibia saumu yake.

Aliponieleza nilicheka. Sunna ya Alhamisi nyumbani kwetu naifunga mimi. Yeye hata daku la Ramadhani namwamsha kwa kumvuta mguu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kwani mtu hawezi kutubu kimyakimya? Mpaka akutangazie wewe?"

Nani anataka kuwa mke aliyeicheka saumu ya mumewe?

Walimpeleka kituoni wakamfungulia kesi, jioni ileile akatoka kwa dhamana. Akaniomba niwe shahidi wake, niape kwa Msahafu kwamba siku ile alikuwa amefunga. Akikutwa na hatia leseni inaweza kwenda, na leseni ndiyo kazi yake.

Mimi nasoma masomo ya jioni, maana shule niliiacha mdogo. Mwalimu wetu ni binti wa bara. Wenzangu walipotoka nikabaki.

"Mwalimu, kuna jirani yangu ana kesi."

"Jirani," akasema, ananitazama. "Haya mama, huyo jirani anaulizaje?"

"Mtu akikataa kupuliza, si wanakosa ushahidi?"

"Mimi si wakili. Ila ninavyojua, kukataa bila sababu ya maana nako ni kosa."

"Na kama amefunga?"

"Ataieleza mahakama. Lakini watamuuliza, kwa nini hakuomba apelekwe hospitali akapimwe damu?"

Kupimwa damu hakubatilishi saumu, na yeye anajua. Ramadhani iliyopita alipimwa malaria mchana na saumu yake akaimaliza.

"Na mke wa huyo jirani, lazima aende?"

"Hakuna wa kumlazimisha amtetee mumewe. Ila akisimama ataapa, na kusema uongo kwenye kiapo ni jela, mama."

Nikarudi nyumbani nikawa polisi. Nikanusa shati la siku ile, safi. Suruali, tembo, tena gotini. Akasema alimbebea mgema dumu, likavuja. Nikaenda kunusa kiti cha gari, kweli, kinanata. Nikaona haya. Nikatawadha, nikaswali, na katikati ya tasbihi ndipo likanijia. Jioni ile aliporudi kutoka kituoni, magharibi haijaadhiniwa, alikuwa anatafuna karafuu. Aliitema mbele yangu, mimi napepeta mchele.

Asubuhi nikamwekea chai.

"Ile karafuu ilikuwa ya nini?"

"Karafuu gani?"

"Ya Alhamisi. Kabla ya adhana."

"Nilishafungua. Hasira za kituoni zile."

"Ukafungua kwa karafuu?"

"Mke wangu, wewe sema nilifunga. Neno moja tu."

"Nitakuja. Nitasema uliniambia umefunga. Nitasema kiti kinanata. Na karafuu nitaisema."

"Utanimaliza."

"Anayeapa ni mimi, si wewe."

Chai hakuinywa.

Siku ya kesi alitoka bila kuniaga. Nikamfuata na kapu langu la sokoni, nikakaa benchi la nyuma. Hakimu akamuuliza shahidi wake yuko wapi. Akageuka, akaniona. Mimi nimeshaanza kunyanyuka.

"Sina shahidi, mheshimiwa," akasema. "Nilikunywa. Vikombe viwili, kwa mgema. Sikuwa nimefunga."

Nikakaa. Viwili, alisema. Mpaka leo vile viwili sijaviamini.

Leseni wakaizuia. Tulitoka tukatembea mpaka sokoni, ndipo akauliza, "Ungeisema kweli karafuu?"

"Ningeisema."

"Nilijua," akasema, akanipokea kapu.