Kura Nyekundu ya Mama Feza

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku ile mama mkwe wangu, Mama Feza, alipoingia chumbani kwangu bila hodi. Ilikuwa siku ya kura, enzi za Zaire, nami nilijifanya mgonjwa. Mgombea alikuwa mmoja tu. Karatasi zilikuwa mbili, ya kijani ya kumkubali na nyekundu ya kumkataa, na ulichagua mbele ya askari. Kura gani hiyo? Nikasema nabaki nyumbani.

"Ukibaki, watakuhesabu na wale walikubali," akasema. "Wao wakinifunga kinywa, ni wao. Weye unajifunga mwenyewe, juu ya nini? Vaa kitenge, twende."

Kituoni tulimkuta mkubwa wa mtaa ametandaza karatasi za kijani mezani. Nyekundu alizificha chini ya kiti. Mama Feza, mjane aliyetulisha wote kwa kuuza ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, sokoni, akanyoosha mkono.

"Mi nataka ile nyekundu."

"Mama, ile njo ya fujo."

"Unipatie. Fujo yangu nitaibeba mwenyewe."

Niliogopa, sikufichi, maana mkubwa yuleyule ndiye aliyegawa meza za soko. Akampa. Zamu yangu ilipofika, nami nikaomba nyekundu.

Kesho yake meza yetu akapewa mwingine. Tukauza samaki chini, juani, na wateja wengine waliogopa hata kutusalimu. Halafu redio ikatangaza kwamba mji wetu wote wa Kalemie umekubali, hakuna hata mmoja aliyekataa. Loo, hasira za mama yule! Alisimama katikati ya soko.

"Mimi nilikataa!" akapaza sauti. "Na huyu mukwe wangu alikataa. Redio inasema bongo, uongo mtupu!"

Kisha kutoka kwa wauza mihogo mwanamke mmoja, ambaye hata jina lake sikulijua, akasema, "Na mie." Mwanaume mmoja nyuma yake akasema vilevile. Meza hatukurudishiwa, mpaka Mama Feza akafa.

Sasa wewe, mwanangu, unaniambia kura haina maana, wataiba. Wataiba, ndiyo, nani asiyewajua? Lakini wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mwizi aje avunje mlango, watu wasikie. Wewe usimfungulie ukamkaribisha na kiti. Kura ni deni, lakini hudaiwi na mkubwa yeyote. Unadaiwa na jirani yako anayeogopa kusema peke yake. Usipokwenda, yeye atajuaje kuwa mko wawili?

Basi nenda. Mungu akutangulie, akupe moyo mgumu mbele ya wakubwa na laini mbele ya wenzako, na akurudishe kwangu salama.