Gari Ilikuwa na Nafasi ya Mtu Mmoja

Enzi zetu pale Kasongo, mtoto hodari hakupigwa picha. Aliamshwa alfajiri akatwange mihogo kama wenzake, kisha akimbilie madrasa, majivu ya jikoni bado miguuni. Tuliandika kwenye vibao kwa wino wa masizi. Mchana tulikula bugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo, kwenye sinia moja, na asiye mwepesi wa mkono alilamba vidole.

Dada yangu Mwamini ndiye aliyejaliwa sauti. Akisoma Kurani, wanawake waliopepeta mchele uani waliweka nyungo chini. Mwaka mmoja wakaja wageni kutoka Bujumbura, wakatangaza mashindano: atakayekuwa wa kwanza, wa kike au wa kiume, watamchukua akasome kwao bure. Baba, aliyeuza chumvi na sabuni sokoni, akawa hana usingizi. Mama alimlambisha Mwamini asali kila asubuhi na kumkataza kupiga kelele mchezoni.

Siku yenyewe walikuja watu hata wa Kabambare. Mwamini alisoma vizuri mpaka karibu na mwisho, pumzi ikamkatikia katikati ya neno. Akarudia, akamaliza. Akafuata mvulana wa Kabambare, naye hakukwama popote. Dada akawa wa pili. Alipewa kitambaa cha kikwembe na makofi mengi.

Alimsogelea mgeni mkubwa, akapiga goti. "Shehe, na mimi sitaenda?"

"Mutoto yangu, ulisoma muzuri sana. Lakini gari iko na nafasi ya mutu moja."

Nyumbani baba alisema tu, "Mungu hakuandika," akarudi sokoni. Mwamini alikunja kikwembe, akampa mama, akachukua ndoo kwenda mtoni. Tangu siku ile alisali midomo ikicheza bila sauti.

"Yaya, nisomee kidogo," nilimbembeleza dada yangu.

"Kwa kazi gani?"

Hajakomaa bado, akaolewa na mchuuzi wa Salamabila. Uzazi wa kwanza ulimshinda. Pikipiki iliyombeba kumpeleka hospitali ilizama kwenye matope, akafia njiani, na habari ilitufikia keshazikwa. Baba alikaa kizingitini mpaka jua likatua. Ndipo akamwambia mama, "Sikumwambia hata siku moja kwamba alisoma vizuri."

Watoto wa leo wana bahati, na kelele pia. Mtoto akifunga kiatu mwenyewe, anataka apigwe picha, itumwe kwenye simu mpaka Kindu. Juzi mjukuu wangu wa kike aliingia akihema, karatasi ya shule mkononi.

"Nyanya, niko wa tisa!"

Wa tisa, na anaringa! Enzi zetu angepitia nyuma ya nyumba. Nilimtazama, nikataka kucheka, nikamkumbuka baba pale kizingitini. Nikamwambia, "Umesoma vizuri, mama," kisha nikamtuma mama yake akamate jogoo.