Kibuyu Kilichomngoja Dada Yangu

Wiki iliyopita nililetewa mfuko wa ndengu kutoka Kibwezi, na juu ya ndengu kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Dada yangu hunitumia ndengu kila baada ya mavuno, na kwa kawaida karatasi yake huniambia nizianike zisije zikaliwa na wadudu, maana ananijua. Safari hii ilikuwa na mistari miwili tu: mama mshona vibuyu wa Mutomo ametutoka, anazikwa Ijumaa, tukutane huko na nisije nikasema nina kazi. Nilikaa na ile karatasi mkononi mpaka chai yangu ikapoa. Marehemu hakuwa jamaa yetu. Sikuwahi kula kwake, na kwa miaka mingi sikujua hata alikozaliwa. Lakini kama si yeye, ndengu hizo zisingekuwa zinafika mlangoni kwangu, na leo naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini.

Wenye umri wangu watamkumbuka bila mimi kutaja jina lake. Siku za soko alikaa upande wa wauza tumbaku, amenyoosha miguu juu ya gunia, jiko la makaa kando yake na mbele yake vibuyu vya watu vilivyopasuka. Alipasha chuma moto, akatoboa matundu pande zote mbili za ufa, akashona kwa waya mwembamba, kisha akaziba kwa nta ya nyuki. Miaka ya sitini wanawake walimpangia foleni, kwa kuwa kibuyu ndicho kilichokuwa ndoo, chupa na kabati la nyumba. Baadaye mitungi ya plastiki ikaingia kwa rangi zake zote, foleni ikakatika, naye akaanza kuuza kamba za katani ili siku ipite. Hakulalamika. Alikuwa na kipawa kimoja ambacho mimi, niliyelipwa kwa kukumbuka mambo, nilikionea wivu: uso wa mtu aliweza kuusahau, lakini mshono wake hakuusahau kamwe.

Nasema nililipwa kwa kukumbuka mambo kwa sababu nilikuwa karani wa masijala hapa Kitui, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuamua faili ipi ikae na ipi ichomwe. Kazi hiyo humharibu mtu. Nikawa naingia nyumba za watu na macho yangu yanachagua yenyewe cha kutupwa. Mke wangu alizoea kuficha magazeti yake ya zamani chini ya godoro. Basi mama yetu alipofariki, muda mfupi baada ya ile njaa kubwa ya miaka ya themanini, na mdogo wangu akataka kubomoa nyumba ya udongo ajenge ya matofali na mabati, mimi ndiye niliyesema kazi ya kuondoa vitu ni ya Jumamosi moja. Baba alikuwa ametangulia zamani. Dada yetu alikuja mazishini na mtoto mchanga mgongoni, akarudi kwake, nasi tukafanya ugawaji wiki mbili baadaye. Hatukumwita. Sitaki kusingizia kwamba tulikaa tukalizungumza. Halikutupitia kichwani hata kidogo. Kwetu binti akishaolewa na mbuzi wakishapokelewa, vitu vya boma huwa ni maneno ya wanaume, na yeye huja kupika na kulia.

Kufikia saa sita nguo za mama zilikuwa zimekwenda kwa shangazi, kinu kwa jirani, koti la baba kwa mdogo wangu. Vilibaki vibuyu tisa juu ya kenchi, vyeusi kwa moshi, ambavyo hakuna aliyevitaka. Nikatuma aitwe yule mama fundi wa sokoni avichukue. Alikuja na gunia lake, akavipokea kimoja kimoja, akivigeuza na kuvipapasa, mpaka akafikia kimoja chenye shingo ndefu na mshono uliozunguka tumbo zima, umepambwa kwa shanga nyekundu na nyeupe. Hicho hakukitia guniani.

"Hii si yenu," alisema. "Hii ni ya dada yenu."

"Nani amesema?" nikauliza.

"Mama yenu. Ile siku aliniletea nishone. Huyo msichana aliiangusha akienda kuteka maji mtoni, ikapasuka, akalia mpaka akakataa chakula. Mama yenu akatoa shanga za kiuno ya mtoto, akaniambia nishone na hizo, ndio siku moja akiwa na nyumba yake aende nayo."

Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama saa, kwa sababu kulikuwa na basi la saa nane. "Mwaitu," nikamwambia, kama tunavyowaita akina mama, "wewe beba zote. Dada yetu ako na sufuria." Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu, nikiwa nimeshiba na sina haraka ya maana, na nimeishi nayo tangu siku hiyo.

Dada alikuja mwezi wa tatu baada ya hapo. Alikuta uwanja umefagiliwa na lori limemwaga mchanga pale kilipokuwa kitanda cha mama. Aliuliza swali moja: "Kibuyu cha mama kiko wapi?" Nikamuuliza kipi. "Unaniuliza ni kipi?" akasema, akambeba mtoto wake, akaondoka bila kunywa maji. Kwa miaka minne hakukanyaga kwangu. Binti yangu alipoposwa na wakwe wakaleta mbuzi, kiti cha shangazi kilikaa kitupu mbele ya wageni, na nilimwona binti yangu akikitazama kila mlango ulipofunguliwa. Nilimkasirikia dada yangu wakati huo. Nilisema, na watu wakanisikia, kwamba hakuna mtu mwenye akili anayevunja undugu kwa ajili ya kibuyu.

Mwaka uliofuata posa hiyo nilikwenda Mutomo kununua mbuzi, nikapita sokoni. Nilimkuta fundi akibishana na kijana mmoja mfanyabiashara kutoka Mtito Andei, mmoja wa wale wanaokusanya vigoda na vibuyu vya zamani wakawauzie watalii wanaosimama barabara ya Mombasa. Kijana alikuwa ananyoosha kidole juu, na nilipofuata kidole chake nilikiona kibuyu chetu kikining'inia kwenye mti wa kibanda, kimefungwa kitambaa shingoni.

"Hiyo iko na mwenyewe," fundi alimwambia.

"Mwenyewe ni mimi, mwaitu," nikasema. Akanikumbuka, au labda alikumbuka mshono kwanza kisha mimi.

"Wewe uliniambia nibebe, nikabeba. Hii inangoja dada yako."

Nikatoa pochi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Sasa utanunua aje kitu ya dada yako? Mwambie akuje."

"Hatuongei."

"Basi ongeeni. Mimi niko hapa naiangalia."

Ilinichukua mwezi mzima kupata ujasiri wa kwenda Kibwezi. Nilimkuta dada anapepeta ndengu. Hotuba niliyoitunga njiani ilinipotea, nikasema tu, "Nilikosa. Kibuyu kipo." Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, ndipo akaniletea kiti. Wiki hiyo hiyo tulikwenda Mutomo pamoja. Fundi alikishusha, akakifuta kwa khanga yake, akamkabidhi. Dada alifungua kizibo, akatia pua ndani akanusa moshi wa jikoni kwa mama, akalia, nami nikalia sokoni mchana kweupe, mtu mzima na koti langu la ofisi. Fundi alitutazama kidogo kisha akasema, "Tokeni kwa mwangaza, nashona."

Msomaji asidhani huyu alikuwa mtu wa kutunza kila takataka. Kabla hatujaondoka siku hiyo, alikuja mwanamke na kibuyu kilicholiwa na wadudu mpaka kikawa chujio, akisihi kishonwe kwa sababu kilikuwa cha nyanya yake. Fundi alikipapasa akatikisa kichwa. "Hii imekwisha. Sasa unalilia kibuyu ama unalilia susu yako?" Mwanamke akakubali kuwa ni susu, yule nyanya yake. Wakaongea habari za huyo bibi mpaka mwanamke akacheka. Ndipo fundi akakivunja kile kibuyu mbele yake, akamkatia shingo ya kumiminia mafuta, kilichobaki akakitia motoni. Nimesoma watu wakiandika jinsi ya kupunguza vitu nyumbani, na sijaona aliyeifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeye.

Siku hizi nyumba zetu hazina moshi wala kenchi za kutundikia, na mimi siililii nyumba ya udongo. Mabati yamewapumzisha mama zetu kwa mengi. Ninacholalamikia ni haraka yetu. Tunazika Jumamosi, Jumapili tunafagia, Jumatatu tumesharudi kazini. Tunaogawana ni wale tuliopo, na wale tuliopo huwa ni wale wale kila mara. Kitu cha mama yako ukikitazama peke yako utaona bei yake au uchafu wake. Habari yake yaweza kuwa kwa mtu ambaye hukumwita, na mara nyingi ni yule aliyebebeshwa maji na kuni katika nyumba hiyo alipokuwa mtoto.

Ijumaa tulimzika. Dada yangu alikuja na uji ndani ya kibuyu chake, akawapa wachimba kaburi. Nyumbani kwa marehemu kulikuwa na vibuyu saba vimetundikwa ukutani, kila kimoja na kitambaa chake shingoni, na binti yake mkubwa alikuwa amekaa chini yavyo akiwaambia wajomba zake, kwa upole lakini bila kuondoka pale, kwamba hivyo havigawanywi mpaka wenyewe waje.

Nami sasa nimestaafu, na mimi na mke wangu tunahamia nyumba ndogo. Nilipotoka mazishini nilituma ujumbe kwa binti yangu aje kabla sijaondoa hata kijiko. Alikuja jana. Nilimwonyesha redio, meza, cherehani ya mama yake. Akapita vyote, akainama kwenye rundo nililokuwa nimeliweka la kutupa, akatoa kikombe cha bati kilichobonyea na kubanduka rangi. Nikamwuliza cha nini.

"Hii ndio uliniletea nayo uji hospitali, nikiwa na surua," alisema. "Ulikataa kuniachia nesi. Ulininywesha wewe mwenyewe mpaka ikaisha."

Nimejaribu usiku na mchana kuikumbuka siku hiyo, mimi mtu wa masijala, na sina hata karatasi moja yake kichwani. Angekuja wiki moja baadaye, nisingejua kamwe kwamba ilikuwapo.