Seli Tulizoziita Gundi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika wodini kabla ya wafagiaji. Ilikuwa hospitali moja ya mjini Shinyanga, wodi ya wagonjwa wa akili na mishipa ya fahamu, na mimi nilikuwa muuguzi mpya mwenye sare iliyokakamaa kwa wanga. Metroni alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Hapa mgonjwa akikutukana, muulize kama amekula. Mengine yatakuja."

Yalikuja, kupitia kwa Daktari wa Wodi, mzee mpole aliyependa kufundisha akiwa anatembea kitanda hadi kitanda. Yeye ndiye aliyenieleza jinsi ubongo unavyosema. Seli ya neva, alisema, ina mkia mrefu, na umeme mdogo sana hupita kwenye mkia huo hadi nchani. Pale nchani haigusani na mwenzake. Kuna upenyo mwembamba uitwao sinapsi. Umeme ukifika hapo, seli humwaga kemikali, kemikali huvuka upenyo, na seli ya pili hupokea habari.

"Na hizi nyingine zilizojazana katikati?" nilimuuliza, maana kwenye picha ya kitabu nilikuwa nimeziona.

"Hizo ni glia. Maana yake gundi. Zinashikilia neva zisitawanyike. Usipoteze muda nazo."

Nikaamini, na miaka mingi niliwafundisha hivyo hivyo wauguzi waliokuja nyuma yangu.

Kutoka Shinyanga nilipelekwa zahanati ya Didia, kijijini kwetu, nikawahudumia zaidi watu wa kifafa. Baadaye nikahamishiwa kituo cha afya huko Masumbwe. Kule maisha ni dhahabu. Mashine za kusaga mawe, wenyewe wanaziita karasha, zinanguruma toka asubuhi, na mtu akikupa mkono unaona vumbi la mwamba limeingia mpaka kwenye mistari ya kiganja.

Hapo ndipo nilipokutana na Mama Kulwa. Alikuwa binti wa Didia aliyeolewa Masumbwe, fundi cherehani, na alipokuwa msichana aliongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu. Alikuja kituoni mikono imefunikwa na khanga.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Mama Kulwa. Unaumwa nini?"

Akafunua khanga. Vidole vilikuwa vinatetemeka kama vya mtu aliyetolewa kwenye maji ya baridi. "Uzi hauingii kwenye sindano," alisema. "Nasahau. Nikiguswa kidogo, nalia au nafoka. Baba Kulwa anasema nakunywa gongo. Mayu, mama yangu, mimi sijawahi hata kuonja!"

Nilimpeleka kwa Mganga Mfawidhi wetu, daktari wa kike aliyekuwa ametoka masomoni. Alimwambia anyooshe mikono, akamwambia achore duara kwenye karatasi, na duara likatoka na meno kama msumeno. Kisha akamuuliza swali ambalo mimi sikulitarajia.

"Nyumbani kwenu nani anachoma dhahabu?"

Ikawa kwamba Baba Kulwa alikuwa ananunua dhahabu kwa wachimbaji ikiwa bado imeshikana na zebaki, kisha anaichoma kwenye jiko la mkaa ili zebaki iondoke. Alichomea chumba cha ndani, dirisha limefungwa ili majirani wasione. Akimaliza anatoka kwenda kwenye shughuli zake. Cherehani ya mkewe ilikuwa humo humo, na mke alishinda humo kutwa. Afadhali watoto wao pacha walikuwa wanasoma bweni.

Tulimwita Baba Kulwa. Alikaa kwenye kiti akiwa na kofia mkononi, mtu wa heshima zake.

"Umewahi kumwona mkeo akinywa?" daktari alimuuliza.

"Walevi wanajua kuficha, daktari."

"Huu si ulevi. Zebaki ikichomwa inakuwa mvuke. Huuoni. Unaingia mapafuni, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo."

Akacheka kidogo. "Mekyuri naishika kwa mikono yangu hii tangu ujana. Mbona mimi mzima?"

"Bado," daktari akamjibu.

Baba Kulwa alisimama, akavaa kofia, akatoka. Juma hilo hilo alimrudisha mkewe Didia, na akapeleka ujumbe kwa wakwe kwamba binti yao ameharibiwa na pombe. Habari ya namna hiyo haikai ndani ya nyumba moja. Wazee wa kanisa walimfungia Mama Kulwa mlango wa kwaya kabla hata hajaomba kurudi.

Daktari alinikuta nimekaa peke yangu chumba cha sindano. Nilimuuliza zebaki inafanya nini huko ndani mpaka mtu anageuka hivyo.

"Unazijua seli za glia?"

"Zile gundi?"

Alivuta kiti. Alinieleza kwamba glia si gundi, zinasikia na zinajibu. Ziko aina kadhaa. Nyingine huuviringishia mkia wa neva utando wa mafuta ili umeme upite upesi, nyingine ni walinzi. Na ziko zenye umbo la nyota, astrosaiti, ambazo huizunguka sinapsi. Neva ikimwaga kemikali ya kuamsha, iitwayo glutameti, astrosaiti huhisi, kalsiamu hupanda ndani yake, huwajulisha wenzake, na wao hutoa kemikali zao za kuongeza au kupunguza mazungumzo. Tena ndizo zinazofyonza glutameti iliyobaki, huigeuza, na kuirudishia neva kama malighafi.

"Zebaki hujikusanya sana kwenye hizo astrosaiti," alisema. "Zikishindwa kufyonza, glutameti inabaki pale. Neva inapigiwa kelele bila kupumzika mpaka inaumia. Neva yenyewe inaweza kuwa haikuwa na kosa, Sista. Jirani yake ndiye aliyeelemewa."

"Walitufundisha vingine."

"Walifundisha walichokijua."

Ni kweli, lakini haikunifariji. Nilifikiria wale wachomaji wote niliowahi kuwaona wodini wakitetemeka, walioandikiwa kwamba ugonjwa wao ni pombe, wakaruhusiwa, wakarudi kwenye majiko yao.

Nilipostaafu nilirudi Didia. Mama Kulwa alikuwa amepata nafuu kiasi kwa kukaa mbali na mvuke. Hasira zilikuwa zimetulia na kumbukumbu imerudi, ila sindano ilikuwa imemshinda moja kwa moja. Alikuwa analima choroko za wazazi wake. Siku moja simu ilipigwa kutoka Masumbwe: Baba Kulwa hawezi kushika kikombe. Mama Kulwa akafunga virago.

"Mtu huyu alikuita mlevi," nilimwambia.

"Najua anachosikia mikononi, Sista. Kule hakuna mwingine anayejua."

Alimpeleka hospitali, kisha akamleta Didia. Miguu ilikuwa haimtii, ulimi mzito. Jumapili ya kwanza aliomba wampeleke kanisani. Wakati wa ushuhuda alisimama, ameshikiliwa na mkewe, akaanza kusema. Nilikuwa benchi la nyuma yao. Nilielewa neno moja moja: *mke wangu*, *pombe*, *uongo*. Maneno yalimtoka yamevimba na kuburuzika. Vijana upande wa kwaya wakaanza kucheka, na mzee mmoja wa kanisa akasema kwa sauti, "Huyu naye amekunywa. Mtoeni nje."

Nikasimama. Nilisema mimi ni muuguzi, kwamba huu ni ugonjwa, na nilieleza nilivyoweza. Watu walinisikiliza, lakini niliona nyuso zao: walikuwa wananiheshimu, hawajaelewa. Basi Mama Kulwa mwenyewe akamwinamia mumewe, akawa anasikiliza na kurudia kwa sauti ya wazi, sentensi kwa sentensi.

"Anasema hajawahi kuniona nikinywa. Anasema alisema uongo kwa sababu hakutaka kuacha kuchoma. Anasema anaomba radhi."

Mwalimu wa kwaya aliinuka, akamwonyesha nafasi kwenye mstari wa mbele.

"Njoo, mama. Njoo ukae mahali pako."

Mama Kulwa alipaangalia mahali pale. Kisha akatikisa kichwa.

"Nikimwachia mkono ataanguka," alisema, na kwaya ilipoanza kuimba akabaki pale pale, mkono wake unaotetemeka umeushika wa mumewe unaotetemeka zaidi, mpaka wimbo ukaisha.