Siku Papa Alipomwaga Maji Juu ya Ramani

Juzi kijana wangu mdogo alishikwa na mafua mabaya, na jirani yangu hapa Beni akaniletea fungu la majani ya mkaratusi yaliyokuja na gari la viazi kutoka Butembo. Nikayachemsha, nikamfunika mtoto blanketi juu ya mvuke kama mama zetu walivyotufunika sisi. Ile harufu ilipopanda, kali, inayoingia puani mpaka machozi yanatoka, nikajikuta nimekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, mboga ya sombe inaungua na mimi sina habari. Wengine wakiisikia harufu ile wanafikiria dawa. Mimi namfikiria Papa, baba yangu, na Madame Kahindo, na mwaka ule chemchemi ya mtaa wetu ilipotaka kutukimbia.

Ninyi mnaopajua Butembo mtanikubalia: kwetu mtoto akizaliwa, baba mwenye akili hapigi kelele nyingi. Anabeba jembe na miche ya mikaratusi, anaenda kilimani. Mtoto anakua, miti inakua, na siku mtoto anapomaliza shule ya msingi miti iko tayari kuwa mbao na nguzo, na sekondari inalipwa. Ukiikata inachipua tena yenyewe kwenye visiki. Papa alikuwa akiiita ng'ombe wasiohitaji mchungaji. Mimi miti yangu ilikuwa kwenye mteremko wa kilima chetu, na Papa, ambaye alikuwa shemasi na mtu wa kiasi katika mambo yote, kwa miti ile alikuwa na majivuno kidogo. Wageni wakija baada ya ibada ya Jumapili, kabla ya bugali walipelekwa kwanza kuitazama.

Chini ya mteremko huohuo ndipo chemchemi ilipokuwa. Maji yalitoka kwenye bomba fupi lililopachikwa katika ukuta wa mawe, baridi ya kuuma meno, na mtaa mzima uliishi kwa bomba lile. Nilipokuwa mdogo kabisa lilitoa maji manene kama mkono wa mtu mzima. Nilipofika darasa la tano yalikuwa membamba kama kidole, na bidoni za njano za kuchotea maji zilijipanga mstari mpaka njiani. Mama zetu walianza kugombana, watu wa kanisa moja, wanaoimba kwaya moja. Wengine waliteremka hadi mtoni kuchota maji ambayo mji mzima umeshaoshea nguo na pikipiki, na watoto wao wakaanza kuugua matumbo.

Ndipo maneno yakaanza, kwanza ya pembeni, halafu ya wazi, kwamba mikaratusi ya shemasi ndiyo inayonywa maji yetu. Mama Masika, jirani yetu mwenye ulimi usio na breki, alisema kikulacho ki nguoni mwako, na akasema huku akimtazama Papa. Papa alijibu kwamba ni jua la mwaka ule, mvua ikirudi maji yatarudi. Mvua ikarudi. Maji hayakurudi.

Mwaka huohuo Madame Kahindo ndiye aliyetufundisha darasa la tano. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na tulimwogopa kwa sababu hakupiga kelele kamwe. Shule haikuwa na ramani ukutani, basi akakusanya mifuko ya simenti, akaitoa karatasi ya ndani iliyo safi, akaishona kwa uzi hadi ikaenea ubao mzima. Mito akaichora kwa ile bleu ya kung'arishia nguo, milima kwa unga wa matofali, barabara kwa makaa. Mpaka leo sijaona ramani nzuri kuliko ile. Alituonyesha Kasindi kule mpakani na Uganda, Manguredjipa upande wa machweo, Masereka upande huu wa chini, na Beni juu yetu, kaskazini.

Hapo nikainua mkono. Msinicheke. Kila mtu wa Butembo anajua kwamba Beni tunashuka. Unavua sweta njiani kwa joto. Na Masereka tunapanda mpaka masikio yanaziba. Sasa huyu Madame ameweka Beni juu na Masereka chini!

"Madame, ramani imegeuka," nikasema. "Beni tunashukaka, hapana kupandaka."

Darasa zima likaniunga mkono. Madame hakucheka. Alisema, "Juu ya karatasi haiko juu ya mulima, Kavira. Karatasi inajua kaskazini. Mulima, ni miguu yako ndiyo inaujua." Tukaitikia ndiyo, Madame, kwa pamoja, kama watoto wanavyoitikia jambo ambalo halijaingia.

Halafu akatupa kazi ya kuchora mtaa wetu wenyewe: nyumba, kanisa, shule, miti, maji. Mimi nikachora vizuri sana, na ninasema hivyo bila aibu. Kaskazini juu, kama alivyotaka. Na kwa kuwa kilima cha Papa kiko kusini mwa chemchemi, mikaratusi yangu ikaangukia sehemu ya chini ya karatasi, na chemchemi ikakaa juu yake.

Papa alipoiona jioni ile uso wake ulifunguka. Nilikuwa sijamwona akifurahi hivyo kwa miezi. Jumapili akaenda nayo kwenye mkutano wa mtaa baada ya ibada, akainyoosha mbele ya chef wa mtaa na mbele ya Mama Masika. "Angalieni wenyewe, hii ni kazi ya masomo," akasema. "Maji iko juu, miti yangu iko chini. Sasa miti ya chini inanywa maji ya juu namna gani?"

Watu wakaisogelea karatasi. Walijua kilima chao, walikuwa wamekipanda na kukishuka tangu kuzaliwa, lakini karatasi ya shule ina heshima yake, na aliyeishika ni shemasi. Chef akasema tuahirishe hadi Jumamosi, siku ya salongo, tutakapokuwa pamoja kusafisha mitaro ya shule. Mimi nilirudi nyumbani nimemshika Papa mkono, nikijiona nimeokoa miti yetu.

Nilidhani Madame akisikia ya mkutano atakasirika. Wala. Aliitazama ramani yangu, akaisifu kwamba kila kitu kiko mahali pake, halafu akasema imepungukiwa kitu kimoja, kimo. Akatupeleka kwa wafyatua matofali kuomba udongo wa mfinyanzi. Wiki nzima, saa za mapumziko, tulijenga mtaa wetu uwanjani, tukiinua kila kilima kwa mikono, na tope likitukauka hadi viwikoni. Chemchemi tuliiwekea kifungo cha bluu cha shati. Mikaratusi nikaichomeka mimi mwenyewe, vijiti vyenye majani mabichi, harufu yake ikajaa uwanja. Madame alituambia mizizi ya mti ule inakunywa mchana na usiku, basi chini ya kila kijiti tukashindilia matambara makavu. Nilifanya yote hayo kwa bidii, na bado sikuona ninachokijenga.

Jumamosi wazazi wakaja na majembe. Mitaro ilipokwisha, wakauzunguka mtaa wetu wa udongo, kila mmoja akitafuta nyumba yake na kulalamika kwamba tumeijenga ndogo. Mama Masika alikuwa ameshajiandaa. Aliuvuta mdomo tayari kusema. Lakini Madame alimpita, akaenda moja kwa moja mbele ya Papa, akiwa ameshika bidoni ya maji kwa mikono miwili, akainama kidogo kama tunavyomsalimu mkubwa.

"Papa Shemasi," akasema, "batoto hawana nguvu ya kumwanga hii. Na ule mulima ni wewe unaujua kutupita sisi wote. Utusaidie kumwanga pale mvua inaanzaka."

Papa akaipokea. Angeweza kumwaga popote. Watu wote walikuwa wanatazama mikono yake, na mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa na goti lake. Akakizunguka kilima kile cha udongo polepole, akainama, akamwaga kileleni, mahali hasa mvua inapoanza. Maji yakateremka. Yakaingia katika miti yangu, na matambara yakayanywa, yakavimba, yakawa meusi. Kwenye kifungo cha bluu ikafika mistari miwili mitatu ya tope, basi.

Papa alibaki ameinama, bidoni tupu mkononi.

"Kumbe," Papa akasema, "maji inapita kwangu kwanza."

Madame alimpokea bidoni, akamwambia aksanti, papa, kama mtu aliyesaidiwa kazi ndogo tu.

Jumatatu Papa akaikata mikaratusi ile, ikiwa bado myembamba, ikauzwa kama fito. Watu wakamsifu, na wachache wakasema kwa chinichini kwamba visiki vitachipua tu, shemasi si mjinga. Wiki iliyofuata akarudi na sururu, akang'oa kisiki kimoja baada ya kingine, mizizi yote, mpaka viganja vyake vikapasuka. Mahali pake mtaa ukapanda miti ya asili yenye majani mapana, na sisi watoto tukaimwagilia. Maji hayakurudi upesi. Lakini yalirudi, na siku moja Mama Masika akatuletea mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akaondoka bila hotuba.

Sekondari nilisoma. Papa alianza kupanda Masereka kununua viazi na kuvishusha Beni kuuza, siku ambazo barabara ilipitika, na alirudi nyumbani amechoka hata kuomba kabla ya kula alisahau. Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya baba asiyejua kusoma ramani na mwalimu aliyemfundisha. Niliisimulia hivyo hata mbele yake, na yeye alicheka pamoja na wageni.

Mpaka siku moja, amekuwa mzee, tumekaa wawili tu tukimenya maharage, nikamuuliza kwa utani kama kweli siku ile aliamini maji ya mlima yanaweza kupanda. Hakucheka. Alimenya ganda moja hadi mwisho kwanza.

"Kavira, mulimaji gani hajue maji inatoka wapi?" akasema. "Nilijua kabla ya mutu yeyote. Lakini ile miti ilikuwa yako."

Sikuweza kuendelea kumenya. Ndipo nilipomwelewa na Madame Kahindo pia. Yeye alijua kwamba Papa anajua. Ndiyo maana hakumfundisha kitu mbele ya watu. Alimpa bidoni tu, akamwachia achague mwenyewe pa kumwaga. Wala hakuishi katika mtaa wetu, maji yale hakuwahi kuyachota. Nawapenda watu wale wawili kwa namna ambayo maneno yananipungukia.

Kijana wangu amepona. Jana alirudi kutoka shule na ramani, akaniambia kwa uhakika wa watoto kwamba Butembo iko chini yetu. Nikamwambia ni kweli, karatasi haidanganyi, lakini likizo nitampandisha huko aone. Nikifika Butembo siendi nyumbani kwanza. Ninateremka chemchemini na mzigo wangu, nakinga viganja kwenye bomba, maji baridi ya kuuma meno, na hapo ndipo ninapoinywa miti yangu.