Gilmar wa Kijiji cha Wazishi

Nakumbuka mchana mmoja wa Jumamosi, mwanangu, ambao mpaka leo nikiuwaza mwili hunisisimka.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha. Nilikuwa kijana kutoka Tanga, napakua maboksi kwenye ghala moja la Mobeni, mjini Durban, Afrika Kusini. Chumbani kwangu, mtaa wa Isipingo, nilikaa na Gilmar, baharia aliyeachwa na meli ya uvuvi, ambaye nilimtafutia kazi palepale ghalani. Kwao ni Yap, kisiwa kidogo cha Pasifiki. Huko, aliniambia, kila kijiji kina daraja lake la heshima, na cha kwao, vibanda vichache mbali na pwani, kilikuwa chini kabisa. Kazi yao ni kuezeka nyumba za kijiji kikubwa cha pwani na kuzika maiti zake. Mzee Tamag, mwenzake wa meli, alitoka kijiji hicho kikubwa. Sasa alipanga chumba Cato Manor, mtaa mwingine wa mji uleule. Tukienda kumwona, Gilmar hukaa sakafuni, wala hali mpaka mzee ashibe.

Jambo hilo liliniudhi. Jumapili moja, mbele ya wageni, nilimvuta Gilmar nikamkalisha kitini, nikamlazimisha kula sahani moja na Tamag. "Hapa Durban, bwana! Wewe si mtumwa wa mtu!" Watu wakacheka. Tamag akainamisha kichwa. Gilmar hakugusa chakula. Aliinuka akatoka nje.

Wiki nzima hakunisemesha. Jumamosi, saa sita mchana, tukiwa kazini, akatua boksi na kugeuka kama mtu aliyeguswa bega.

"Tamag iko ananiita," alisema, kwa Kiswahili alichookota kwa Wakongo.

"Yuko Cato Manor. Utamsikiaje?"

"Kazi yangu imefika."

Tukapanda teksi. Njia nzima alikuwa akikunja mikono ya shati. Mama mwenye nyumba akatuambia mzee ni mzima, ametoka kumsalimia sasa hivi. Tukafungua mlango. Tamag alikuwa ameketi ametuelekea, macho wazi, amekufa. Mkono wake ulikuwa bado na joto. Na chumba kizima, mwanangu, kilinuka mwani, wakati bahari iko mbali na pale.

Gilmar alimwosha peke yake. Makaburini nilipochukua koleo, akanizuia.

"Wakubwa wote wa pwani wanaishia mikononi mwetu. Babu yangu aliwazika, baba aliwazika. Mimi sikuwa na aibu, ndugu. Aibu uliniletea wewe."

Nikamwachia koleo. Nilisimama pembeni mpaka akamaliza.

Mwanangu, sikuambii madaraja yale ni ya haki. Mimi siyapendi hata leo. Lakini nilimwinua mtu bila kumuuliza, mbele ya watu, ili nionekane mwema. Ukimkuta mwenzio amekaa chini, kaa naye kwanza, umsikilize, ujue pale alipokaa pana nini. Yeye mwenyewe atakwambia kama anataka kuinuka.

Mungu akupe moyo wa kuuliza kabla ya kuamua, na siku yako ikifika, akujalie mtu wa kukusitiri kwa heshima.