Misa ya Sauti Nne

Asubuhi hii nilifungua pakiti ya noti za kwaya. Harufu ya wino mpya ilinipanda puani, nikajiona niko tena parokiani Kikula, nimeshika kitenge cha mama.

Mwalimu mpya wa kwaya alikuwa ameweka vitabu viwili vya noti mezani. Kimoja kilikuwa na misa nyepesi ambayo mtu angejifunza kwa kusikia tu. Cha pili kilikuwa na misa ya sauti nne na okestra, ingawa sisi tulikuwa na kinanda kimoja kinachokwaruza. Akachagua cha pili.

“Ule hajue kusoma noti, ku Pasaka atabakia ku nyumba,” alisema, akiwatazama wanawake wa sauti ya pili.

Mama ndiye aliyewaongoza. “Siye tunaimba humu tangu zamani, mwalimu. Weye ulikuya juzi.”

Mwalimu akamsukumia karatasi kifuani. “Basi soma, mama.”

Wanaume wa besi wakacheka. Mama aliitazama karatasi ile, akaiweka sakafuni taratibu. “Imba na makaratasi yako,” akasema, akatoka. Wenzake wote wakamfuata.

Siku ya Pasaka waliketi benchi la mbele na vitenge vyao vya kwaya, midomo imefungwa, nami kando ya mama. Misa iliimbwa ikiwa na pengo katikati, pa sauti ya pili, soprano wakipotea, mwalimu akitokwa jasho. Mama alimkodolea macho tu. Wimbo wa mwisho niliujua, nikafungua kinywa. Mama akanibana mkono mpaka nikakifunga.